Usifute Kompyuta Kabla Sijafika na Brashi

Kitale, nyuma ya msikiti,
Dukani kwa Mama Zuhura

Kwa dada yangu Nasimiyu,

Mulembe, dada. Mulembe ya pili ni ya mama, na ya tatu ni ya yule ng'ombe wako mweusi ambaye nasikia amezaa ndama jike. Mnaendeleaje huko Kabuchai? Mguu wa mama umepoa, ama bado unamsumbua asubuhi kukiwa na baridi? Mahindi yamekauka vizuri? Mimi ni mzima kama jiwe la mtoni. Baridi ya huku inabisha kila siku, inakuta nimefunga mlango. Nimenenepa pia, kwa hivyo usishtuke ukiniona ukadhani ni mheshimiwa amekuja kuomba kura.

Najua utauliza kwa nini Wanjala anaandika barua na simu iko. Dada, kwenye simu ulinikata. Ndiyo nilikuwa naanza tu kueleza, ukasema, "Weka kwa kifupi, maharagwe yanaungua." Hili jambo halina kifupi. Kaa chini, weka maharagwe kando, usome pole pole.

Ulinieleza kwamba binti yako Nekesa anataka kupeleka kompyuta yake Bungoma ikafutwe yote, iwekwe sistimu mpya, ati kwa sababu ameambiwa kila kompyuta lazima ifomatiwe kila mwaka Krismasi ikikaribia, vile wewe unakandika nyumba upya. Na mle ndani ana mitihani ya shule anayopiga chapa na kadi za harusi za nusu ya Kabuchai. Mwambie asimame hapo hapo. Kama ameshaifunga kwa pikipiki, aifungue. Mimi mjomba wake, khocha mwenyewe, nimesema. Na sasa nakuambia kwa nini neno langu siku hizi lina uzito hapa Kitale.

Kazi yangu unaijua. Mimi ndiye fundi wa cherehani wa Mama Zuhura, mjane wa marehemu Mzee Juma. Sweta yoyote ya shule unayoiona ikipita barabarani huku, ujue cherehani iliyoishona imepita kwenye mikono hii. Nikiugua mafua, watoto wa Trans Nzoia wanakwenda shule kifua wazi. Sasa katikati ya duka kuna cherehani moja kubwa ya kudarizi, na hiyo inaongozwa na kompyuta. Unafungua picha ya beji kwenye kompyuta, cherehani inaidarizi yenyewe kifuani mwa sweta, wewe umekaa unakunywa chai. Beji zote, korongo wa shule hii na mwenge wa shule ile, alizichora Mzee Juma kwa mkono wake kabla hajatuacha. Mama Zuhura akifungua moja, huwa anamwombea marehemu kwanza.

Na mlango wa pili kutoka kwetu ni mashine ya posho. Kumbuka hapo, dada. Mlango wa pili, mashine ya posho, inasaga mahindi kutwa.

Hiyo kompyuta ilikuwa na tabia. Shule zikikaribia kufunguliwa, inakuwa nzito kama mtu ameamshwa kwa nguvu. Unabonyeza leo, inaitikia kesho. Inapata joto mpaka paka wa duka alihamia pale juu akazalia hapo. Mimi mwenyewe nimewahi kuweka hindi bichi juu ya lile sanduku, nikalila limeiva upande mmoja. Halafu, ukiwa katikati ya kazi, inazima yenyewe. Dawa tuliyoijua ilikuwa moja tu. Mzee Juma analibeba sanduku hadi Kiminini kwa Barasa, fundi wa kompyuta. Barasa anafuta kila kitu, anaweka sistimu mpya, Mzee anarudisha beji na programu yake ya kudarizi kutoka kwenye sidii aliyoitunza, na mashine inakimbia kama ndama amefunguliwa. Mwaka hadi mwaka, kama kupeleka ng'ombe josho. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ng'ombe ana kupe.

Safari hii Mzee hayuko. Na shule moja kubwa ya upande wa Kiminini ilikuwa imeagiza sweta mpya za wanafunzi wote, zenye korongo kifuani, na Jumatatu shule inafunguliwa. Hapo ndipo kompyuta ikaanza maringo yake. Mama Zuhura akatafuta ile sidii kila mahali. Tuliipata chini ya mguu wa kabati, imepasuka katikati. Kuna mtu aliiweka hapo ili kabati lisicheze.

Mama wa watu akakaa kwenye benchi, leso mdomoni.

"Wanjala, ndugu yangu," akaniambia, "ikifutwa, sina cha kuirudishia. Programu inakwenda, na michoro ya marehemu inakwenda. Isipofutwa, sweta hazitoki. Nishike lipi?"

Tulijaribu kuhamisha beji kwenye flashi. Ikazima. Tukajaribu tena, ikazima kabla hata haijasema bismillahi. Akampigia Barasa. Barasa akasema, "Mama, si ni kama kila mwaka? Leteni nifomati, hayo mengine tutaona."

Nikasema, "Mengine gani tutaona? Mimi naenda nayo, na nitakaa karibu na huyo Barasa kama shahidi wa harusi. Hagusi kitu kabla hajatoa beji za Mzee."

Nikapanda pikipiki, sanduku nimelikumbatia mapajani, kichwa chini miguu juu, maana hivyo ndivyo lilikaa vizuri. Yule wa bodaboda akanicheka. "Mzee, hiyo unashika kama bibi mpya ni nini?" Nikamjibu, "Wewe angalia mbele, hii ni kichwa cha duka." Kwa lami hakuna shida. Lakini kwa Barasa ni ndani, nyuma ya soko, na ile barabara dada, mvua imeichimba ikabaki mawe matupu. Tuliruka mpaka meno yangu yakabadilishana nafasi. Kuna shimo moja tuliingia nikaona wingu kwa karibu.

Kufika, mlango wa Barasa una kufuli. Jirani yake ni mama anauza omena.

"Barasa yuko Lugulu matangani," akasema. "Baba yake mdogo amefariki."

"Lakini tumeongea naye asubuhi!"

"Na habari imemfikia mchana. Kwani kifo huwa kinapiga foleni?"

"Sasa simu yake mbona imezimwa?"

"Si nimekwambia yuko matangani? Unataka apokee huku analia?"

Nikageuza. Sitakudanganya, dada. Nilikuwa nawaza nitamwangaliaje yule mama. Tukaruka tena kwenye mawe yale yale, shimo lile lile, wingu lile lile.

Mama Zuhura alikuwa mlangoni. Hakuningoja niseme. Alilichukua sanduku mikononi mwangu, akachomeka nyaya, akawasha huku anasoma dua. Na kabla sijafungua mdomo, korongo wa Mzee Juma huyo hapo kwenye kioo! Haraka namna hiyo! Akafungua mwenge, ukaja. Akafungua nyingine, ikaja kabla hajaachia kidole.

"Kumbe hazikufutika!" akalia kwa furaha. "Huyu Barasa Mungu ampe maisha marefu! Amefanyaje?"

"Mama," nikasema, "Barasa hajaiona kwa macho."

Tukaangaliana. Bana dada, hapo ndipo akili ya ukoo wetu iliamka. Nikajiuliza, mgonjwa amepelekwa kwa mganga, mganga hayupo, mgonjwa karudi mzima. Dawa ni gani basi? Si mganga. Ni safari! Nikajiangalia suruali, ile nyeusi uliyoninunulia. Mapajani ilikuwa nyeupe kama nimekaa juu ya gunia la posho.

Nikaitisha bisibisi. "Zima hiyo kitu. Chomoa nyaya."

Mama Zuhura akasema, "Wanjala, usije ukaniulia kompyuta."

"Mama, cherehani ngapi nimefungua zikafa?"

Nikafungua ule mlango wa ubavuni. Unga! Unga wa mahindi, dada, umejaa mle kila pembe, umeganda kwenye feni mpaka feni ilikuwa kama imevaa sweta. Ule uliokuwa umelegea ulimwagika njiani kwenye mawe, ndiyo maana mashine ilipata pumzi kidogo. Uliobaki ungepika ugali, watu wote wa matanga ya Lugulu wakashiba na mbwa wakabakishiwa. Kuku wa jirani aliingia akaanza kudonoa huku ananiangalia kwa heshima. Kumbe miaka yote hiyo kompyuta haikuwa na sistimu mbovu. Ilikuwa inakabwa koo na mashine ya posho!

Nikachukua brashi yangu ya kusafishia cherehani. Pole pole, kama mama anatoa kibanzi kwenye jicho la mtoto. Feni nikaishika kwa kidole isizunguke ovyo, nikatoa kila chembe. Tulipowasha, feni haikupiga tena ile kelele yake kama ya ndege inayotua. Kimya. Mama Zuhura alidhani imekufa mpaka alipoona kioo kimewaka. Kitu cha kwanza tukahamisha beji zote kwenye flashi mbili. Moja ameifungia pindoni mwa leso yake, nyingine ameipeleka kwa dada yake Bungoma mjini, ili hata duka likichukuliwa na upepo Mzee Juma abaki. Sweta tulidarizi, na Jumatatu watoto wa watu waliingia shule na korongo kifuani. Sasa kompyuta tumeiinua juu ya meza, mbali na mlango.

Barasa alipotoka matangani alikuja mwenyewe. Nilimwonyesha ule unga, nilikuwa nimeuweka kwenye sahani kwa ushahidi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wanjala! Mimi kila mwaka kabla ya kufomati huwa naipuliza vumbi, ni mazoea tu. Kumbe ndiyo ilikuwa inaiponya!"

Nikamuuliza, "Sasa kwa haki ya Mungu, mtu anatakiwa kufomati mara ngapi kwa mwaka?"

"Wewe unakata mguu wako mara ngapi kwa mwaka?"

"Sijakata hata mara moja!"

"Kwa nini?"

"Si haujaoza?"

"Basi umejijibu."

Ndiyo hiyo nataka Nekesa ashike. Kompyuta haina kalenda. Unaifuta kama imeingiliwa na virusi vikakataa kutoka kwa dawa, au sistimu yenyewe imevunjika haiwaki tena, au unamuuzia mtu na hutaki asome mambo yako. Na hata hapo, kwanza unatoa kazi yako yote unaiweka mahali pengine, unaifungua kuona kama kweli iko, ndipo unafuta. Shida nyingine zote ni vumbi, joto, au imejazwa sinema mpaka haina pa kukanyaga. Nyumba ikiwa na viroboto unafagia, huichomi. Na yake Nekesa inakaa wapi? Si kwenye kile chumba mnapopukuchulia mahindi? Ehe! Nimemaliza.

Nimebakiza habari moja, nayo ndiyo kubwa. Wiki hiyo Mama Zuhura alichinja kuku, akaniita kwake, na watu wa duka wote wako hapo. Mimi nilikuwa nimewahi kumsimulia desturi yetu ya kugawa kuku. Basi alipopakua, aliitenga kando kwenye kisahani, akaniletea mwenyewe kwa mikono miwili. Firigisi, dada. Mbele ya watu. Akasema, "Hii kwenu ni ya mwenye nyumba. Leo mwenye nyumba ni wewe." Niliila nikiwa nimesimama.

Kwa hivyo msomee mumeo, shemeji Mukhwana, hapa kwa sauti, asije akasema hakusikia. Krismasi iliyopita, mbele ya wanawe, aliniambia firigisi haiendi kwa mtu ambaye anakuja na hadithi tupu. Mwambie safari hii nakuja na hadithi, na sahani ya unga nimeiweka.

Salamu kwa mama, mwambie mafuta ya mguu nayaleta. Salamu kwa Nekesa, fundi mwenzangu. Salamu kwa mchungaji wenu, na kwa yule jirani wa bondeni aliyesema huku Kitale nisingemaliza mwezi.

Nikifika, nitaifungua kompyuta ya Nekesa uani, mchana, kila mtu aone kitakachotoka. Kuku awe ndani ya sufuria. Shemeji akae karibu, ashike kisahani cha firigisi.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Wanjala, wa brashi.