Kura ya Einar na Gesi ya Shangazi Borghild

S.L.P. 212,
Skaar, Montana.
Jumanne, 20 Januari 2004

Mpendwa wifi yangu Ardis,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti lako linaendeleaje baada ya kupasuliwa? Na mumeo Duane, sukari yake imeshuka? Najua ni maswali ya kijinga kumuuliza mtu aliyefiwa na mama juzi tu, lakini ndivyo nilivyolelewa, siwezi kuanza barua bila kumjulia mtu hali. Sisi ni wazima wa mwili. Pole sana, wifi yangu.

Ijumaa kwenye simu nilikuambia mama amekufa kwa baridi, na kwamba gesi ilikuwa haiwaki. Hukuniuliza kwa nini haikuwaka, nami nikashukuru, nikakata simu kama mwoga nilivyo. Leo nakuambia. Alikatiwa gesi na kampuni, kwa ruhusa ya Tume inayosimamia kampuni za gesi na umeme, na kura ya mume wangu Einar ilikuwa mojawapo.

Binamu yako unamjua. Alipanda nguzo za umeme miaka ishirini na miwili kabla watu hawajampa kiti cha Tume kule Helena, makao makuu ya jimbo. Mama yako ndiye aliyemzungusha kwenye kila pikiniki ya kanisa akiwaambia watu, "Mpeni kura huyu. Nepi zake nimezifua mimi, hana cha kunificha." Akashinda, na mara ya pili akashinda tena.

Huku kampuni haiwezi kumkatia mtu gesi majira ya baridi mpaka makamishna wa Tume waafiki. Zamani orodha ya maombi ilikuja na majina, na yule mzee aliyemtangulia Einar aliwaokoa jamaa zake na kuwatosa wengine. Einar akaikomesha tabia hiyo. Alipitisha kanuni kwamba orodha ije na namba tu, bila jina wala mtaa. Hakuna alichojivunia zaidi katika kazi yake yote. Kwenye kampeni ya pili tulichoka kulisikia jambo hilo.

Mwanzoni mwa mwezi huu ikaja namba 41. Nyumba yenye tanuru la gesi la zamani la kupashia joto, mwenyewe amekataa mara tatu kuwafungulia mafundi waliokwenda kulikagua, barua hajibu. Unajua mama yako hakuwafungulia wanaume asiowajua tangu baba yako alipofariki. Einar alishaona nyumba iliyolipuka kwa gesi, akaamini anaokoa mtu. Makamishna wakainua mikono, namba zote zikapita kwa mkupuo mmoja, wakaenda kula.

Mafundi walikata Jumatatu ya wiki iliyopita, kutoka nje, bila hata kugonga mlango. Usiku wake baridi ilifika thelathini chini ya sifuri. Alhamisi Mchungaji Nygaard alipita kumsalimu, akamkuta ameketi jikoni, amevaa koti la baba yako. Daktari anasema alilala tu. Namwamini kwa sababu nataka kumwamini.

Einar na mimi tulikwenda. Kwenye mita kulikuwa na karatasi nyekundu yenye namba 41. Aliisoma, akarudi garini. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Verna, ni mimi niliyemkatia." Jumamosi aliandika barua ya kujiuzulu. Tangu hapo haketi mezani, anatafuna mkate mkavu akiwa amesimama.

Mazishi ni tarehe 31, ili uwahi kufika. Jeneza litabebwa na watoto wa kaka yake, kama kawaida yetu, lakini Einar hataki kuligusa mpaka wewe useme. Nduguye Halvor alimwambia, "Acha hayo bwana, ulijuaje? Ilikuwa namba." Akamjibu, "Namba niliziweka mimi." Anasema ukimkataza atakaa nje ndani ya gari, na hatakulaumu.

Lakini kabla hujaamua, kuna jambo ambalo yeye halijui.

Jumapili kabla ya Krismasi mama yako alikula kwetu. Einar alikuwa bado sebuleni anavua viatu vya theluji. Shangazi akatoa barua ya kampuni kwenye mkoba, akaniambia, "Ngoja nimuulize kamishna wetu, hawa watu wanataka nini kwangu." Sheria ni kwamba kamishna haruhusiwi kusikiliza kwa siri habari ya shauri litakalofika mbele yake, na mimi kwa miaka saba nimeilinda meza yangu kama polisi. Nikamwambia, "Shangazi, si hapa. Unataka wamvue kiti?"

Aliona haya. Akasema, "Basi mwanangu, sikujua," akairudisha barua, akaniuliza kama viazi vimeiva. Mimi sikuwa kamishna, Ardis. Mimi hakuna sheria iliyonikataza kuisoma. Ningeisoma, ningekwenda mwenyewe kuwafungulia mafundi mlango, na ningewapikia kahawa.

Einar nitamweleza leo nikitoka posta, kabla sijabadili nia. Kwa hiyo jibu lako litatuhusu sote wawili, mimi na yeye. Piga simu, usiandike, na usinionee huruma.

Msalimie sana Duane, na Karin na mumewe, na mwambie mdogo wako Trygve kwamba chumba chake kiko tayari. Halvor anawasalimu. Mungu akushike mkono safarini, akufikishe salama, na akupe machozi ya kutosha.

Kuna jambo moja zaidi, nalo nimelizungukazunguka barua nzima. Siku zile zote simu ya mama yako ilikuwa mezani, karibu na mkono wake, na ilikuwa inafanya kazi, niliijaribu mwenyewe. Hakutupigia. Naamini alikuwa anamlinda Einar, kama nilivyomwagiza.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata kama hutataka tena kuniona,

Verna