Shangazi, Orodha Niliiandika Mimi

Shangazi yangu Felista,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si baba, si mama, wala padri. Ile orodha ya majina ya watu waliocheza kwenye picha niliiandika mimi. Jina lako halikusahauliwa. Nililiruka mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu timamu.

Nimemaliza kuandika maneno hayo na sijasikia chochote moyoni. Nilidhani nitalia. Wenzangu wako nje wanafua sare, mimi nimekaa kitandani bwenini na daftari juu ya magoti.

Unakumbuka wiki waliyokuja watu wa picha kutoka Dar es Salaam? Walitaka picha ya sinema kuhusu kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa, wakachagua chetu kwa sababu lile ghala la zamani la mkonge lina madirisha makubwa ya kuingiza mwanga. Wanawake walivaa khanga mpya wakajipanga kuchaguliwa. Wewe ulikuwa unapita tu na ndoo ya maji kichwani. Yule bwana mwenye kofia akasema, "Mama, hebu rudi upite tena." Ukapita. "Tena, mama." Ulipoambiwa mara ya tatu ukatua ndoo, ukamwuliza, "Baba, unataka maji au unataka mwendo?"

Watu walicheka mpaka mpiga picha akaacha kamera yake akajishika tumbo. Hapo hapo ukapewa nafasi ya mama anayejifunza kuandika.

Na wewe kuandika ulikuwa unajua tayari. Nilikufundisha mimi likizo iliyotangulia, kwa mkaa, juu ya mlango wa jiko lako. Ukalazimika kujifanya hujui. "Mwanangu, kujifanya mjinga ni kazi kuliko kusoma," uliniambia. Walipokuonya usiitazame kamera ukawajibu, "Linanikodolea jicho hivyo, nami nisilitazame?" Uliandika ubaoni, wakafuta, ukaandika tena, wakafuta, mpaka chaki ikakufika viwikoni. Nilikuwa nyuma ya ghala nikishika madaftari ya wachezaji. Nilikuwa najivuna kwa ajili yako, lakini unanijua, mimi hata kujivuna najivuna kimyakimya.

Miezi ikapita, ikaja barua kwa katibu wa kijiji. Picha yetu imepata tuzo katika mashindano ya ng'ambo. Wakubwa watakuja na cheti chenye majina ya wachezaji, pamoja na redio ya kumpa mchezaji bora. Waliomba majina manane. Katibu aliniita kwa sababu nilikuwa nyumbani likizo na mwandiko wangu, alisema, ni kama wa kitabu. Mwenyekiti alikuwa amekaa pale pale ofisini. Wao wakataja, mimi nikaandika.

Tulipofika jina la saba nikasimamisha kalamu. "Na shangazi?" nikauliza.

"Shangazi yupi?"

"Felista."

Katibu akacheka. "Manamba naye ana jina? Manamba ana namba!"

Neno hilo unalijua kuliko mimi. Babu aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, akaitwa kwa namba yake mpaka alipokufa. Kambi zikavunjwa, mkonge ukamezwa na magugu, neno likabaki. Wewe ulizaliwa hapo hapo kambini, Songea hujaiona hata siku moja, lakini kijijini ulikuwa manamba. Mimi hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mama yangu ni Msagara. Kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa kijiji, na wewe, dada wa baba yangu, ulikuwa mgeni.

Mwenyekiti hakucheka. Alisema kwa upole kabisa, "Picha ni ya kijiji, binti. Tuwaandike wenye kijiji." Jina la nane likawa la mkewe, ambaye kwenye picha anaonekana mara moja amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Mimi nilicheka, shangazi. Si kicheko kikubwa, kicheko cha kuwafuata. Kisha nikaandika jina la nane, nikaweka nukta.

Siku ya cheti ulivaa kitenge chako cha kijani, ukakaa benchi la mbele. Afisa wa utamaduni alihutubia vizuri sana. Alisema Wazungu wametengeneza picha zao miaka yote, wakazishindanisha wenyewe, wakapeana tuzo wenyewe, na Mwafrika akionekana humo basi amebeba mzigo nyuma ya mtu na jina hana. "Leo," akasema, "majina yetu yamesomwa mbele ya dunia." Tulipiga makofi. Wewe ulipiga vigelegele kuliko wote.

Ndipo akaanza kusoma. Kila jina lilipotoka ulisogea kidogo kwenye benchi, kama mtu anayejiandaa kusimama. Baada ya la nane ulikuwa umefika ukingoni kabisa. Ukabaki hapo hapo ukingoni. Redio, kama ofisi ya kijiji ilivyopendekeza, akapewa mke wa mwenyekiti, naye, nisimsingizie, aliipokea akiwa ameinamisha macho.

Jioni wakatundika shuka jeupe uwanjani, gari la sinema likawasha taa yake. Uso wako ukatokea mkubwa kama nyumba. Watoto wakapiga kelele, "Shangazi Felista huyo! Shangazi Felista!" Afisa akamgeukia katibu. "Yule mama ndiye mwenye picha. Mbona sikusoma jina lake?"

"Labda mwandishi alimsahau," katibu akajibu, akanitazama.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Ningeweza kusema. Nikatazama ndala zangu, nikasema, "Ndiyo, ni makosa ya kuandika."

Baada ya mavuno ulitangaza kwamba unakwenda kwenu. Baba akakuuliza kwenu wapi, wewe ukaendelea kufunga nguo zako. Nikakusindikiza mpaka Mikumi kungoja basi la Songea, la kupitia Iringa. Nyani mmoja alikunyang'anya ndizi pale barabarani, ukamfokea, "Nawe umetumwa na mwenyekiti?" Nikacheka, nawe ukacheka. Halafu ukaacha kucheka, ukaniuliza, "Mwanangu, ile orodha aliandika nani?"

"Sijui, shangazi."

"Si kitu. Nilitaka tu kujua kama ni mtu anayenifahamu."

Basi likaja. Nilikupandishia furushi lako la nguo, nikakuamkia shikamoo badala ya kukuaga. Ukaitika marahaba.

Tangu hapo nala, nasoma, najibu maswali darasani nikiulizwa. Mwezi uliopita nilikuwa wa kwanza katika insha. Nangoja niumie na siumii; ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, naugusa najua ni wangu, basi. Sikuombi msamaha katika barua hii. Kwanza ujue. Ukiwa umefika salama, ukiwa umepata watu wanaokuita kwa jina, nitafurahi, hata kama furaha yenyewe itachelewa kunifikia. Kaa vizuri, shangazi, na Mungu akulinde huko nisikokujua.

Barua hii imekaa wiki mbili chini ya godoro, sasa naiendeleza. Jumamosi iliyopita niliomba ruhusa nikaenda kijijini. Nilimwambia katibu kwamba nataka jina lako liongezwe. Alisema cheti cha serikali hakichorwichorwi, na kwamba mwenyewe umeshaondoka, kwa hiyo ya nini. Nikarudi shuleni Kilosa. Nikawaandikia watu wa picha kwamba aliyecheza mama anayejifunza kuandika ni Felista Haule, aliyezaliwa kambi ya mkonge karibu na Rudewa. Kwamba hakusahauliwa, aliachwa. Na kwamba mwandishi wa orodha ni mimi. Chini niliweka jina langu lote, pamoja na Haule, ambalo nyumbani hakuna anayeniita kwalo. Barua yao nikaipeleka posta. Karani aliisoma bahasha, akaniuliza, "Haule ni watu wa wapi?" Nikamwambia ni watu wa hapa. Akagonga muhuri.

Mimi, mtoto wa kaka yako