Daftari la Manjano

Jumapili, Malukhu

Vidonge arobaini na vinane. Nimevihesabu mara mbili leo nyumbani kwa mdogo wangu Zaituni, Nalufenya. Chupa ilikuwa na sitini, viwili kwa siku, na siku ishirini zimepita. Kwa hiyo aliviacha siku ya saba, siku ileile nilipompelekea manjano ya kusaga kutoka dukani kwangu hapa Mbale.

Daktari wake alishatuambia kuna kemikali ndani ya manjano inayochunguzwa kama inaweza kutuliza utumbo uliovimba kama wake, ila isichukue nafasi ya vidonge. Niliudhika. Mimi niliyeanza na beseni moja la viungo sokoni, nifundishwe manjano? Kila jioni nikawa nampigia Zaituni kuuliza ameenda choo mara ngapi, naandika kwenye daftari: sita, nne, mbili. Nilitaka kumwekea daktari daftari hilo mezani.

"Mbona ulinitajia mbili?" nimemuuliza leo, chupa ya vidonge mkononi.

"Dada, ulivyokuwa unafurahi! Ningesemaje?"

"Na kweli ni ngapi?"

"Jana saba. Na damu."

Nilitaka kufoka, lakini nimfokee nani? Nikampigia daktari palepale. Akasema aanze vidonge leo, kesho asubuhi afike kliniki. Hakunicheka, na hilo nalo limeniuma.

Nimezikata kwa mstari kurasa zote za daftari. Nilipofika nyumbani nimempigia Zaituni tena, kuuliza za leo.

"Nane, dada. Haya, furahi."

Nimecheka kidogo, nikaandika nane. Ndiyo namba ya kwanza ya kweli katika daftari hili.