Kitunga cha Papa

Jumatatu, 2 Februari
Tena kusuka kamba kwa Tonton Basele, mudogo wa papa. Vidole vinauma. Sipashwi kuambia mutu, donc naandika: Jumamosi, sikukuu ya Kitunga, mwenye kucheza ndani ya kitunga, uso umefichwa, ni mimi. Papa alicheza mpaka kufa kwake. Mtaa wetu wote wa Mangobo watakuja kushangaa miguu yangu bila kujua ni yangu. Pole yao.

Jumatano, 4 Februari
Tonton ameeleza tena mwanzo wa Kitunga. Zamani mto ulivunja vitunga vyote vya samaki. Njaa. Mutu mumoja akavaa kitunga kilichotoboka kichwani, akacheza, akamuchambua chef, mukubwa wa mtaa, kwa wimbo. Chef hakujua amufunge nani. Watu wakacheka, wakarudi kusuka. Toka pale, mwenye kucheza haitwi jina. Likiitwa, anavua, harudi kucheza tena maisha yote. Mwingine anamaliza kesho yake.

Alhamisi, 5 Februari
Tonton ametoboa matundu ya macho kwa kipimo cha uso wangu. Anasema namushinda papa. Ni kweli. Jeannot, mutoto wa Tonton, anacheza kama bata mulevi. Nilimwambia Tonton hivyo. Alicheka kidogo.

Jumamosi, 7 Februari
Nilikuwa na ulimi mubaya sana, mubaya wa kupendeza. Hata chef alicheka nilipoimba tumbo lake. Halafu nyuma yangu, jina langu: "Mbula, vua. Tumekujua."
Ngoma kimya.
Wawili tu walijua, Mama na Tonton. Mama alikuwa mbele yangu, mikono mdomoni. Sauti ilikuwa ya Tonton.
Nilivua. Watoto wakacheka. Nilimuuliza, "Tonton, ni wewe?" Akasema, "Mutoto, kitunga hakina ukoo." Akakibeba kwake.
Namuchukia.

Jumapili, 8 Februari
Kitunga kimecheza. Miguu ya bata. Jina la Jeannot lilikuwa kwenye ulimi wangu. Tonton aliniangalia wimbo wote, jasho tu. Sikuita. Si kwa wema. Nikiita, nani atamaliza? Papa hakuwahi kuacha ngoma ikatwe.
Matundu si ya macho yake. Alikuwa anagonga watu, akaenda moja kwa moja kwenye mawe ya mto, pale maji yanaanguka. Nikashika kamba ya kiuno chake, nikamugeuza. Watu wakapiga makofi, walidhani ni sehemu ya mchezo.
Kamba niliijua. Nimeisuka mimi, Jumatatu.