Rangi Niliyoichagua Mimi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua, unaitumia au umeiweka kabatini ikae pambo? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umejaa hasira. Nimeosha vyombo vyote na kufagia chumba mara mbili kabla ya kushika kalamu, lakini wapi.

Barua yako nimeipata. Kurasa mbili, Mama, na zote za kunisuta. Umesema nimemfukuza kaka kwenye biashara tuliyoianzisha pamoja, eti mdomo wangu ni mrefu kuliko mkono. Yeye alikuambia kwa simu kwamba kazi imemshinda na anarudi nyumbani, basi. La kufukuzwa umelitunga mwenyewe hapo kwenye cherehani yako. Tangu utotoni, kikombe kikivunjika nyumba ile ni mimi niliyekivunja, hata kama nilikuwa shuleni. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na huyo mwanao wa kwanza hujawahi kumwacha alie.

Sasa nisikilize na mimi. Kazi yetu ni kufufua baraza za mbao, zile sakafu za nje ambazo jua na mvua vimezigeuza kijivu. Tunaziosha, tunazipiga msasa, tunazipaka rangi. Kabla ya kupata mteja ilitubidi tuchague rangi moja ya kuanzia, maana fundi mpya hujulikana kwa kazi yake ya kwanza. Kaka alitaka rangi nyepesi ya mafuta, ya asali, inayozama ndani ya mbao na kuacha mishipa yake ionekane. Mimi nilitaka ile nzito ya kahawia, inayokaa juu na kung'aa. Tulibishana wiki nzima, tukila tunabishana, tukifua tunabishana.

Siku tulipokwenda dukani kuulizia, muuza rangi akataka kujua mimi ni nani. Mwanao akamjibu, bila hata kugeuza shingo, kwamba mimi namsaidia kufagia vumbi. Mama, miaka minne nimepiga randa kwenye karakana ya samani. Ukucha wa kidole gumba nimeuacha kule. Halafu mimi ni wa kufagia vumbi.

Tulipofika nyumbani nikatoa shauri: tuchukue mbao mbili mpya, kila moja ipakwe rangi ya mmoja wetu, zikae juu ya bati miezi miwili ya mvua, na itakayoshinda ndiyo tuinunue. Kaka akasema afadhali tuzilaze mlangoni zikanyagwe, kwa kuwa baraza si ya kutuliwa na ndege. Nikamcheka, nikamwambia anaogopa. Akakubali, na kwa kuwa alikuwa anahangaikia leseni, akaniachia mimi nizitayarishe zote mbili. Mvua zilipokwisha, ubao wangu uling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Wake ulikuwa na mabaka na ukungu mweusi. Niliubeba mpaka dukani, nikamwonyesha muuza rangi mbele ya kaka, nikauliza sasa afagie nani. Tukanunua makopo ya kahawia.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa mkunga mstaafu. Kila asubuhi huburuta kiti chake barazani kufuata jua. Mwezi wa tatu haukwisha, rangi ikaanza kubanduka magamba, njia nzima ya kile kiti. Alimpigia kaka. Kaka akaenda, akapiga magoti, akakwangua kutwa nzima kwa mkono, akamwambia yule mama kwamba kosa ni lake, hakuziandaa mbao vizuri. Uongo mtupu. Aliziandaa vizuri kuliko fundi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Kwamba rangi niliichagua mimi hakusema, hata kwa bahati mbaya.

Aliporudi hakunigombeza. Alifuta randa zake, akazifunga kwenye gunia, akasema kwamba rangi aliyoiamini kwa moyo wote ndiyo iliyooza juu ya bati, na fundi asiyeweza kuliamini jicho lake hana la kufanya kwenye kazi ya mbao. Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Angenitukana, ningejua pa kuanzia.

Mama, jicho lake halikumdanganya. Mbao mpya hutoka kiwandani zimelainishwa na mashine hadi zinateleza, na rangi ya kuzama haiingii mpaka uzifungue kwa msasa. Hilo nalijua tangu mwezi wangu wa kwanza karakanani. Ubao wangu niliupiga msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Ilipofika zamu ya ubao wake, nilishika msasa, nikakumbuka yale maneno ya dukani, nikauweka chini. Nikaupaka hivyohivyo. Sikusahau, Mama. Nilikusudia. Rangi yake ikakauka juu juu, mvua ikaiosha, ukungu ukaingia.

Hasira niliyokumwagia humu nyingi si yako, wala si ya kaka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo usinipe.

Nisalimie mjomba na wote wanaopita hapo kushonesha. Goti usilipuuze. Kaka anaondoka kesho kwa basi la asubuhi, na barua hii nampa yeye. Bahasha sijaifunga. Nitamwomba aisome kabla hajapanda. Ikikufikia kwa mkono wake, ujue amesoma yote na bado ameondoka, nawe una haki ya kuniandikia kurasa nyingine mbili. Ikikufikia kwa posta, ujue amebaki.

Ni mimi binti yako,
fundi mbao