Kinu Katika Darasa la Sita

Kigoma, tarehe 4 Machi 2024. Ni miaka ishirini na sita tangu nitoke Kasongo, Kongo, nilikokuwa mwalimu, kwa miguu, nikapitia Kabambare hadi ziwani. Barua ya leo inatoka huko. Mwenyewe aliituma kwa sauti kwenye simu, nami nimeiandika kama alivyoisema.

*

Mzee mshauri, ninakuomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, mimi ni Emilienne, mwalimu wa darasa la sita hapa Kasongo, na nina mwanafunzi anaitwa Chadia ambaye tangu mwaka uanze nilimwona mzito wa hesabu, ubaoni anasimama kama mgeni, mpaka siku moja nikaenda kwao kumshitaki kwa mama yake, nikamkuta uani anatwanga sombe na dada zake wawili, michi mitatu katika kinu kimoja, kila mmoja anapokea mwenzake bila kugongana, na Chadia anaimba tatu, sita, tisa, kumi na mbili, hakosei, halafu akamwita jirani aongeze mchi wa nne na wimbo ukageuka nne, nane, kumi na mbili, basi nikasahau nilichokuja kushitaki, nikakaa, nikala.

Kesho yake nikaleta kinu darasani. Mzee, watoto walifurahi, hata wa darasa la tano walihamia dirishani, na tulipofika mara saba kinu hakikutosha tukapiga madawati, ndipo direkta wetu, Papa Célestin, akaingia akauliza, "Mama Emilienne, tuko tunafundisha ao tuko tunapika?" nikamjibu, "Ngoja kidogo, Papa Direkta, iko karibu kuiva," darasa lote likacheka naye akatoka akizuia kicheko. Nikaona nimepata dawa, nikawagawia wote: Joël anayekimbia sana nikamfanya wa kupima uwanja, Bruno anayechora nikamwacha achore tu, na Chadia nikampa kinu kiwe chake.

Lakini juma lililopita tulifanya mtihani wa majaribio, kimya kabisa, na Chadia akaanza kugonga dawati kwa ngumi, msimamizi akamwambia, "Weye, ngoma uiache kwenu," wenzake wakacheka, akaficha mikono chini ya mapaja, karatasi akairudisha nyeupe. Sasa baba yake, Papa Faradji anayeuza vitambaa, anasema, "Mwalimu mwenyewe alisema kazi ya huyu mutoto iko kwenye kinu. Basi Idi ikiisha aende kwa shangazi yake kule migodini Salamabila, atwange huko, wachimbaji wako na njaa." Mzee, maneno hayo ni yangu kweli, nilimwambia kwa furaha, nikidhani ninamsifia binti yake. Je, nirudi kwenye kunakili kimya kimya? Na kama unaweza, uje, Papa Faradji ulimfundisha wewe, wewe atakusikia.

*

Emilienne binti yangu,

Kinu usikitoe. Walimu wengi humwita mtoto aje walipo wao. Wewe ulimfuata mpaka mahali anapojua, ukaanzia hapo. Nimeisikiliza sehemu ile ya michi mitatu zaidi ya mara moja. Hapa sombe wanaiita kisamvu, na mama jirani hutwanga peke yake. Mdundo wake ni mwingine.

Sasa nikugombeze. Kinu kilikuwa mlango, ukakifanya chumba, ukamfungia mtoto ndani. Joël anakimbia, haya, nani alikuambia hahitaji kusoma? Apime uwanja, kisha akae chini aandike alichopima. Bruno achore shamba, halafu atafute ukubwa wake. Ukisema mtoto fulani ni wa kinu, watu wazima husikia kinu tu, na baba yake ndivyo alivyosikia.

Kuanzia kesho Chadia atwange na kuimba, lakini kila baada ya mizunguko michache asimame, achukue chaki, aandike alichokiimba. Hiyo ndiyo kazi uliyoisahau. Akizoea, mnyang'anye mchi, apigepige mapaja yake kwa viganja. Baadaye viganja vitulie, abaki na midomo. Mwisho midomo ifungwe, wimbo ubaki kichwani na kalamu iendelee. Usimsogeze mbele mpaka uone anafanya huku anatazama nje, kama mtu asiyesumbuka. Na siku ya mtihani apige kidole cha mguu ndani ya kiatu anavyotaka. Sijawahi kuona msimamizi anayesikia kidole cha mguu.

Direkta mwombe jaribio lingine kabla ya Idi. Alizuia kicheko, kwa hiyo yuko upande wako, hajakuambia tu.

Kwa Faradji nenda asubuhi. Mfungo unaanza juma lijalo, na saa moja kabla ya kufuturu simjui mzazi anayepatana na mwalimu. Nenda na Chadia, kwa sababu maneno uliyoyasema lazima uyaondoe mbele yake: mwambie baba kwamba ulikosea, kazi ya binti yake ni hesabu, na mdundo ndio njia yake ya kuifikia. Usimhubirie mambo ya mbinu za kufundisha. Mwache achague hesabu yeye mwenyewe, binti aandike, wewe ukae kimya, jambo ambalo naona litakuwa gumu kwako.

Akibisha, mkumbushe hili. Faradji hakuweza kusoma akiwa ameketi. Nilimruhusu asome amesimama dirishani, akasoma, akashinda. Hakuna aliyemwambia baba yake kwamba mtoto huyu ameumbwa kuwa mlinzi wa dirisha.

Umeniomba nije. Njia hiyo bado naijua, mito yake na vijiji vyake kwa mpangilio, na zipo siku naipita yote nikiwa nimekaa hapa. Lakini Chadia anamhitaji mwalimu atakayekuwa naye kesho asubuhi, na kesho tena, mpaka mkono uandike bila mchi. Mwalimu huyo ni wewe. Nenda kwa Faradji. Mimi sitarudi.