Kamusi Ndani ya Foronya

3 Februari

Mwanangu kitinda mimba,

Hujambo mama? Mimi mama yako sijambo. Kifua kinanibana asubuhi nikiwasha jiko la shule, lakini hicho tumeshazoeana nacho. Baba yako mzima, anakusalimu, anasema ule ushibe. Mwandiko utanisamehe. Darasa la watu wazima walinifundisha herufi, kunyoosha mstari walisahau.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu. Nimefurahi hoteli imekupa kitanda, na nimefurahi zaidi kusikia kuna nafasi ya kupokea wageni mlangoni na kuwapeleka vyumbani. Usimame na nguo kavu badala ya kuinamia mashuka ya watu kutwa nzima. Kama wanachotaka ni Kiingereza cha mdomoni tu, basi kisome mwanangu, usilaze damu.

Ila kuna jambo halijanikaa vizuri. Huyo mwenzako wa chumbani, huyo unayemwita Dada wa Pasi. Unasema ana kamusi nene kama tofali, anaitunza ndani ya foronya, na kila jioni anakupa uisome bila kutaka chochote. Mwanangu, machale yamenicheza. Hamna undugu, hamkukua pamoja, halafu akupe kitu cha maana hivihivi tu? Mimi jirani akiniazima kinu nakikagua kwanza kabla sijakipokea. Na yeye mwenyewe hiyo kamusi anaisoma saa ngapi? Niandikie yote, usinifiche.

Mama yako.


18 Februari

Shikamoo mama,

Kifua kikoje? Jifunge kitambaa mdomoni ukiwasha jiko, usijifanye shujaa. Mimi mzima, vidole tu vimechubuka kwa sabuni.

Mama, punguza wasiwasi. Dada wa Pasi ni mtu mpole, hana makuu. Kamusi iliachwa na mgeni chumbani, hakuna aliyeitaka, akaiokota yeye. Jioni tukitoka kazini anaitoa kwenye foronya, ananipa, anakaa kitandani kwake, mimi nasoma kwa sauti.

Mwanzoni nilisoma kama tulivyofundishwa shule: neno, maana, neno, maana. Siku moja nikapeleka mashuka juu, mgeni amesimama dirishani, nikajitia kumwambia kwa Kiingereza kwamba mvua ni kubwa. Alinielewa, lakini alitabasamu vile watu wanavyomtabasamia mtoto. Jioni nikaitafuta mvua kwenye kamusi. Kumbe mama, chini ya kila neno kuna sentensi zimeandikwa kwa herufi zilizolala ubavu, ndiyo mifano. Zinakuonyesha neno linakaa na nani. Kwa Waingereza mvua ni nzito. Upepo una nguvu, chai nayo ina nguvu, lakini mvua ni nzito. Picha hawapigi, wanaichukua. Mafua wanayadaka. Na ukimsikiliza mtu vizuri, unamlipa usikivu!

Anayeililia hiyo mifano ni Dada wa Pasi. Nikichoka nikairuka ananishtukia papo hapo: "We, umeruka mfano." Sijui anajuaje. Nikimwambia basi leo zamu yako, anasema, "Soma wewe, mikono yangu ina maji." Halafu anarudia nilichosoma, polepole, midomo ikimcheza.

Maneno yanayokwenda pamoja nayaandika kwenye vikaratasi, navibandika ukutani kwa uji mzito. Kimoja kilianguka, akakirudisha yeye, kichwa chini miguu juu. Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka, alisema mvuke wa pasi umemchosha macho.

Binti yako.


4 Machi

Mwanangu,

Nimepata salamu zako na kitambaa nimejifunga. Wapishi wenzangu wananiita mwizi wa benki.

Mambo ya hiyo kamusi niliwahadithia. Yule mnene akauliza, "Chai yenye nguvu? Inabeba magunia?" Tukacheka. Lakini mimi niliwaambia msicheke sana, hata sisi tuna yetu. Pasi tunapiga, deki tunapiga, picha tunapiga, magoti tunapiga, mpaka miayo. Mtu akitusikia toka mbali si atadhani tuna ugomvi na kila kitu?

Haya, nimecheka, sasa nirudi kwenye langu. Nimeisoma barua yako tena na tena, na kila nikifika kwa huyo dada roho inanikataa. Anarudia unachosoma, midomo inacheza. Huyo anajifunza. Kama anajifunza kwa nini asiseme? Kwa nini msoto wote uwe wako, sauti ikukauke wewe, yeye amekaa tu anachota? Hapo pana walakini. Muulize msimamizi wenu kimyakimya nani wengine wameomba ile nafasi. Na wewe usiwe mwepesi, soma moyoni. Kwani lazima usome kwa sauti kama unanadi samaki? Angalia na vikaratasi vyako vyote kama vipo.

Sisemi ni mbaya. Nasema simjui.

Mama yako anayekuombea.


20 Machi

Shikamoo mama,

Sisi huku wazima wa mwili. Nyumbani hamjambo?

Mama, ulijuaje? Nilimuuliza msimamizi. Ile nafasi ni moja, tumeomba wawili, mimi na yeye. Miezi yote hii tunalala kitanda kwa kitanda, hajanitamkia! Na vikaratasi viwili havipo ukutani. Nilivitafuta kila mahali, nikaja kuvikuta chini ya godoro lake, vimekunjwa vizuri kama leso.

Nimefuata ulivyosema, nasoma moyoni. Jioni ya kwanza akaniuliza, "Leo husomi?"

"Nasoma."

"Mbona sisikii?"

"Nasoma moyoni."

Akakaa hivyohivyo, mikono mapajani, ananitazama ninavyofunua kurasa. Baadaye akasema, "Lakini kamusi ni yangu." Nikamsukumia. "Ni yako, haya ichukue usome." Hakuichukua, mama. Aligeukia ukutani akajifunika shuka.

Sasa hatusemeshani. Usaili uko karibu na sitaki kuchezewa. Jumatatu ijayo nakwenda kwa msimamizi, nimwambie ana mtu anayeiba kazi ya mwenzake na kuificha chini ya godoro. Aamue mwenyewe.

Binti yako.


25 Machi

Mwanangu, mwanangu,

Salamu utanidai baadaye. Barua yako nimeisomea jikoni nimesimama na mwiko mkononi, uji wa watoto wa watu umeungua. Usiende kwa msimamizi. Hata kama umeshavaa viatu, vua.

Nisikilize. Mikono ina maji. Macho yamechoka na mvuke. Kikaratasi kakibandika kichwa chini, na hakucheka. Umempa kamusi yake mwenyewe hakuipokea. Na alikwambia hasikii. Hakusema haoni mama, alisema hasikii! Mimi nilikuwa nimekaza macho kumtafuta mwizi, nikapitwa na kilichokuwa mbele yangu. Huyo hajui kusoma.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la pili, barua ikija nakwambia, "Nisomee mwanangu, moshi umeniingia machoni"? Hata Jumapili, jiko halijawashwa. Mpaka siku uliyonijibu, "Moshi wa wapi mama?" Baba yako akacheka akapaliwa na maji. Wewe ulikuwa mtoto, hukujua umegusa wapi. Mimi najua. Mtu wa namna hiyo anakuwa na visingizio vingi kuliko nguo. Na ukimbana mbele za watu, atakubali aitwe mwizi, asiitwe lile jingine.

Na vile vikaratasi, mimi nilipoanza darasa nililala na kipande cha gazeti chini ya mto. Nikiwa peke yangu nakitoa, natafuta herufi ya jina langu. Hakukuibia. Anavitazama.

Nafasi ameiomba kwa sababu kazi ya mlangoni ni ya mdomo, na mdomo anao. Alichokosa ni mtu wa kumfungulia kamusi, akaja wewe, na mimi ndiye niliyekwambia uinyamazishe. Mwanangu, msomee. Mshindane kwa haki, atakayepata apate. Lakini kwa msimamizi usiende.

Mama yako.


22 Aprili

Shikamoo mama,

Nimechelewa kujibu. Si ugonjwa, sikujua nianzie wapi. Barua yako ilifika Jumatano. Kwa msimamizi nilikuwa nimekwenda Jumatatu.

Alimwita palepale kwenye chumba cha pasi, wenzetu wote wapo. Vikaratasi nilivyompelekea viko mkononi mwa msimamizi. Akamuuliza, "Hivi ni vyako?" Dada wa Pasi akasema, "Ni vya chumbani kwetu." Msimamizi akasema, "Kama ni vyako, soma hapo, tusikie."

Alikishika mama, kimojawapo, kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa mikavu. Alikitazama muda mrefu. Mimi bado sikuelewa, nilidhani ni aibu ya mwizi, na nilisimama pale nimekunja mikono. Akasema, "Macho yamechoka." Mmoja nyuma akaropoka, "Kwani hajui kusoma?" Kicheko kikaenda chumba kizima. Msimamizi naye akacheka, akachukua kalamu akakata jina lake kwenye usaili.

Jioni nilipopanda chumbani, Dada wa Pasi alikuwa ameshahama. Anakaa na wale wa jikoni. Godoro amelikunja vizuri. Kamusi ameiacha kitandani kwangu, bila foronya.

Nafasi nimepata mimi. Nasimama mlangoni na nguo kavu kama ulivyotaka. Wageni wanasema Kiingereza changu kizuri. Kila wakisema nasikia sauti yake ikirudia nyuma yangu.

Nifanyeje mama?

Binti yako.


2 Mei

Mwanangu kitinda mimba,

Nimekusalimu na baba yako amekusalimu. Hatujambo.

Nimelia, nimenyamaza. Usijibebeshe peke yako. Mdomo ulikuwa wangu, miguu ndiyo iliyokuwa yako. Mimi niliyekuwa najificha nyuma ya moshi ndiye niliyepaswa kumtambua mtu wa kwetu kwenye barua ya kwanza tu. Nikawa nauliza kwa nini katoa kamusi yake bure. Haikuwa bure. Alikuwa anataka sauti yako, basi.

Umeniuliza ufanyeje. Usimwendee na radhi ya maneno mengi, ataona umekuja kujisafisha. Wala usimrudishie kamusi ukaondoka, utakuwa umemcheka mara ya pili. Shona foronya mpya, uitie ndani. Shuka kwenye chumba cha pasi saa ya mapumziko, wale waliocheka wakiwepo. Tafuta pa kukaa, hata juu ya kapu la mashuka. Uitoe, uifungue, usome kwa sauti kama ulivyokuwa unasoma. Akikufukuza, ondoka, kesho yake urudi. Jina lake walikata mara moja, lakini hoteli ina milango mingi.

Na huyo msimamizi wenu simpendi. Mtu mzima anacheka mbele ya wafanyakazi wake na kalamu mkononi? Yule ana lake jambo, mchunge.

Mama yako.


19 Mei

Shikamoo mama,

Kifua kimetulia? Mimi mzima.

Foronya niliishona kwa kipande cha shuka la zamani. Siku ya kwanza nilipoingia, wenzetu waliacha kazi wakanitazama. Yeye hakuinua uso. Nilisoma ukurasa mmoja, yeye anapiga pasi. Akamaliza, akakunja, akatoka. Siku ya pili vilevile, ila hakutoka. Siku ya tatu nikachelewa, nikakuta kapu la mashuka limesogezwa karibu na meza yake. Sikuuliza nani kalisogeza.

Jana nilifungua popote, likaja neno la maji. Kwao maji ya bomba yanakimbia, mama. Wale wa nyuma walikuwa wananong'ona, nikasoma haraka haraka ili nifike mwisho. Nikafunua ukurasa.

Pasi ikasimama. Hakunitazama. Alikuwa bado ameikodolea macho ile kola ya shati.

"We," akasema. "Umeruka mfano."

Binti yako.